Netscape 3, Internet Explorer 5 au Opera 3: dirisha lipi la kufundishia kwenye kompyuta za chogo?

Ilikuwa Julai, Mafinga baridi ya kuvaa makoti mawili. Mwalimu alinifungulia chumba chenye kompyuta 11 za chogo zilizopangwa ukutani, akaingia kwenye hoja kabla sijaweka begi chini.

"Kamwene, fundi. Mashine zinawaka, umeme upo. Intaneti hakuna, wala mwaka huu haitakuwepo. Nataka watoto wa Kidato cha Kwanza walijue dirisha la kivinjari: kila kitufe kinafanya nini na kila alama inasema nini. Tuweke kipi?"

"Kamwene, mwalimu. Nipe leo na kesho."

Nilirudi Iringa jioni hiyo, nikapekua sidii zangu za zamani, kesho yake nikasimika vivinjari vitatu, yaani programu za kufungulia kurasa za intaneti, kwenye mashine tatu zilizokaa bega kwa bega. Vilikuwa Netscape Navigator 3 ya mwaka 1996, Internet Explorer 5 ya mwaka 1999, na Opera ya namba 3. Ninayoyaandika hapa ni niliyoyaona pale. Yatamfaa yeyote mwenye mashine za aina hiyo, iwe ni shule, parokia, kituo cha vijana Makambako, au baba wa Tukuyu aliyehifadhi Pentium yake chini ya kitanda akisubiri wajukuu.

Mashine zenyewe, ukiacha moja, ni Windows 98, RAM megabaiti 32, na vioo vingi havipandi zaidi ya nukta 640 kwa 480. Najua kuna atakayesema, weka Chrome yaishe. Haiingii. Na hata ingeingia, kwa kazi hii nisingeianza nayo, maana vivinjari vya leo vimeficha karibu kila kitu nyuma ya vidoti vitatu. Mtoto anaona kisanduku kimoja na mshale, basi. Dirisha la zamani lilikuwa limeandikwa kwa maneno kama kibao cha dukani, na lilikuwa linakwambia muda wote linafanya nini. Kwa darasa, hicho ndicho kipimo nilichotumia. Sikuangalia kivinjari kipi kina nguvu, niliangalia kipi kinaonyesha.

Kurasa za kujaribia

Kwa kuwa intaneti haikuwepo, niliandika kurasa chache kwa Notepad, nikaziweka kwenye folda moja niliyoiita iringa. Ukurasa wa kwanza ni Gangilonga, lile jiwe ambalo jina lake maana yake ni jiwe linaloongea. Kutoka hapo kuna kiungo cha kwenda Kalenga, ambako fuvu la Mtwa Mkwawa limehifadhiwa tangu liliporudishwa mwaka 1954. Kalenga ina kiungo cha kwenda Isimila kwenye zana za mawe, na kingine cha kwenda Lugalo, ambako Wahehe waliwapiga askari wa kamanda Mjerumani Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Kila ukurasa una picha moja. Kurasa nne hizo zinatosha kufundishia nusu muhula, na watoto wa huku wanazijua sehemu zenyewe, kwa hiyo hawapotezi akili kwenye maudhui.

Kutoka juu kushuka chini

Netscape 3 ukiifungua ilivyo, juu ya ukurasa kuna mistari mitano. Wa kwanza una jina la ukurasa. Wa pili ni menyu: File, Edit, View, Go, Bookmarks, Options, Directory, Window, Help. Wa tatu una vitufe vikubwa vyenye picha na neno chini yake: Back, Forward, Home, Reload, Images, Open, Print, Find, Stop. Wa nne ni kisanduku cha anwani. Wa tano ni vitufe vya kukupeleka kwenye kurasa za kampuni yenyewe, What's New, What's Cool na wenzake. Hivyo vya mwisho leo ni makaburi. Ukivibofya bila intaneti unapata onyo la kosa, na watoto wakikutana na onyo la kwanza wanaogopa mashine kwa wiki nzima. Viondoe mapema: menyu ya Options, ondoa tiki kwenye Show Directory Buttons, halafu usisahau kuhifadhi mapendeleo kwenye menyu hiyohiyo, la sivyo kesho vitarudi.

Kwenye kioo cha nukta 480 kwenda chini, mistari mitano ni mingi. Ukurasa unabaki kama dirisha la choo. Ukiutoa wa tano unapumua. Ukitaka nafasi zaidi, Netscape inakuruhusu vitufe viwe picha peke yake au maneno peke yake. Mimi nilichagua maneno peke yake. Mwalimu alishangaa kwanza, kisha akaona mantiki: Back ni neno la kufundisha, wakati picha ya mshale mtoto ataikuta kwenye simu ya mama yake bila msaada wetu.

Kisanduku cha anwani cha Netscape kina kitu ambacho sijakiona kwingine, nacho nilikipenda kuliko vyote. Pembeni yake pameandikwa Location. Ukianza kuchapa ndani yake, neno hilo linageuka kuwa Go to. Yaani dirisha linakwambia kwamba ulikuwa unasoma ulipo, na sasa unaandika unapotaka kwenda. Mwalimu yeyote aliyewahi kumweleza mtoto kwa nini anwani imebadilika na ukurasa bado ni uleule ataelewa thamani ya maneno hayo mawili. Ukibonyeza Enter, linarudi Location.

Internet Explorer 5 ni safi zaidi kwa macho. Menyu ni sita tu: File, Edit, View, Favorites, Tools, Help. Chini yake vitufe: Back, Forward, Stop, Refresh, Home, kisha Search, Favorites, History. Kisanduku kinaitwa Address, na mwisho wake kuna kitufe cha Go, kinachomfaa anayesahau kubonyeza Enter. Back ina kimshale kidogo pembeni. Ukikibofya unapewa orodha ya kurasa ulizopita, unaruka hadi unayotaka bila kugonga Back mara tano.

Tatizo lake ni undugu wake na Windows. Mtoto mmoja alichapa C:\ kwenye kisanduku cha anwani, na dirisha lilelile lililokuwa na Kalenga likageuka kuwa folda za diski. Vitufe vikabadilika, menyu zikabadilika. Kwa fundi huo ni urahisi. Kwa mtu wa siku ya kwanza ni sawa na kufungua mlango wa jikoni ukajikuta stendi. Tangu toleo la 4 Microsoft waliunganisha kivinjari na kitazama folda makusudi, na darasani huwezi kuwatenganisha.

Opera 3 imepangwa kinyume na mazoea. Kisanduku cha anwani kiko chini. Juu kuna menyu na vitufe vidogo, kushoto orodha ya kurasa ulizohifadhi, na katikati kila ukurasa unakaa kwenye kidirisha chake ndani ya dirisha kubwa. Wanorwe walioitengeneza walikuwa wameona mbali: kurasa nyingi ndani ya programu moja ndiyo mambo ya leo ya vichupo. Lakini kwenye kioo kidogo vidirisha vinafunikana, mtoto anapunguza kimoja, kinajificha kona ya chini, anainua mkono: "Mwalimu, Isimila yangu imepotea." Nilihesabu mikono mitatu ndani ya robo saa, nikaacha kuhesabu.

Back si kurudi nyumbani

Hapa nikae kidogo, maana hapa ndipo wengi wanadhani wanajua.

Fungua Gangilonga, nenda Kalenga, nenda Isimila. Gonga Back mara moja, uko Kalenga. Forward inawaka, kwa sababu Isimila bado iko mbele yako. Sasa, ukiwa Kalenga, bofya kiungo cha Lugalo. Angalia Forward: imezimika. Isimila imeondoka kwenye njia. Gonga Back mara mbili na Forward mara mbili, utazunguka Gangilonga, Kalenga, Lugalo. Isimila hutaiona tena kwa vitufe hivyo.

Kwenye Netscape 3 unaweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa macho: menyu ya Go ina orodha ya njia ya sasa, yenye alama kwenye ukurasa uliopo. Ifungue kabla ya kubofya Lugalo, Isimila ipo. Ifungue baada, haipo. Zoezi hilo dogo lilimaliza ubishi uliokuwa umechukua kipindi kizima.

Internet Explorer ina kitu cha ziada. Bofya History, upande wa kushoto linafunguka eneo lenye siku na wiki, na humo Isimila na Lugalo zote zipo, kwa sababu eneo hilo linaandika kila ulikopita, njia uliyoiacha haijalishi. Kwa kawaida linatunza siku 20. Kwa hiyo ukitaka kufundisha tofauti kati ya njia niliyomo na daftari la safari zote, Internet Explorer inakupa vyote viwili. Ila daftari hilo ni la mashine nzima. Watoto 40 wakitumia mashine moja, inakuwa fujo ya stoo.

Netscape 2, kama utaikuta kwenye sidii za zamani, iache. Ilileta kurasa zilizogawanywa vipande ndani ya dirisha moja, lakini Back yake ilikutoa kwenye ukurasa wote badala ya kukurudisha kwenye kipande. Toleo la 3 ndilo lililorekebisha.

Picha, na kitufe kilichokufa

Kitufe cha Images kwenye Netscape kimekufa kabisa siku hizi, na ndicho nilichokitumia kuliko vyote.

Zamani mawasiliano yalipita kwenye waya wa simu. Kwa modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na waya huo, ya kilobiti 28.8 kwa sekunde, picha ya kilobaiti 60 inakula kama sekunde 17 hata kama laini haina mikwaruzo, na laini zetu zilikuwa na mikwaruzo. Kwenye intaneti kafe ya Mwanjelwa nilikokuwa naenda enzi hizo, unalipa kwa nusu saa, picha tano za ukurasa mmoja zinakula zaidi ya dakika yako. Kwa hiyo tulikuwa tunazima picha. Kwenye Netscape ni hatua moja: menyu ya Options, toa tiki kwenye Auto Load Images. Ukurasa unakuja na maneno, mahali pa picha panakaa kialama. Ukiona kuna picha ya maana, unagonga Images, zinakuja.

Kwa mtoto asiyejua waya wa simu ni nini, zoezi hili linafundisha kitu kingine: kwamba ukurasa na picha ni mafaili mawili tofauti, kivinjari ndicho kinachoyakutanisha. Alipoona Kalenga bila picha, kisha picha ikaja peke yake, mwanafunzi mmoja wa nyuma alisema, "Kumbe picha haikai humo." Mwalimu alimfanya arudie kwa sauti.

Opera inafanya vilevile kwa herufi G tu ya kibodi, haraka kuliko wote. Internet Explorer inakupeleka Tools, Internet Options, Advanced, ushuke hadi Multimedia, utoe tiki, ukubali, kisha uufungue ukurasa upya. Hapo darasa limelala.

Stop ina shida yake. Kurasa zikiwa ndani ya diski, zinafunguka kabla mtoto hajapepesa, na Stop haipati nafasi ya kuwaka. Dawa niliyoigundua kwa bahati ni flopi. Weka ukurasa wenye picha nzito kwenye flopi, ufungue kutoka humo. Flopi inakoroma, picha inateremka kipande kipande, herufi N ya kona ya juu kulia inaanza kucheza na vimondo vyake, Stop inakuwa nyekundu. Watoto wakapigana zamu za kuikata njiani. Mosaic, babu wa Netscape na Internet Explorer, iliyotoka chuo kikuu cha Illinois mwaka 1993, ilikuwa na dunia inayozunguka kona ileile, na kuisimamisha ulibofya dunia yenyewe. Netscape waliitenga Stop kuwa kitufe chenye jina. Waliona mbali, kwa sababu nani angekisia kwamba pambo ndilo breki?

Mstari wa chini kabisa

Peleka mausi juu ya kiungo bila kubofya. Chini ya dirisha, kwa vivinjari vyote vitatu, inatokea anwani ya kule kiungo kinakoenda. Ningetamani kila mtu mzima wa Mbeya mjini aliyewahi kubofya kiungo cha matapeli angefundishwa mstari huo. Kwa Netscape utaona anwani za mafaili ya ndani zimeandikwa na C yenye mstari wa wima badala ya nukta mbili. Waambie watoto mapema kwamba ni mtindo wake, si kosa.

Na waambie kuhusu ufunguo. Kona ya chini kushoto Netscape 3 ina picha ya ufunguo uliovunjika. Maana yake mawasiliano hayajafungwa kwa siri. Yakifungwa, ufunguo unakuwa mzima. Kwenye mashine isiyo na intaneti utakuwa umevunjika milele. Niliitwa mara mbili kutengeneza mashine ambayo haikuwa na ugonjwa. Internet Explorer inatumia kufuli, na kwenye toleo la 4 Netscape nao walihamia kufuli, ishara ambayo watu wengi waliielewa.

Kuhifadhi: majina matatu ya kitu kimoja

Netscape wanaita Bookmarks, Microsoft wanaita Favorites, Opera na Mosaic waliita Hotlist. Kwa Kiswahili alamisho, yamekwisha. Chini ya jina ndipo kuna tofauti. Netscape inaziandika zote kwenye faili moja, bookmark.htm, ambalo lenyewe ni ukurasa. Unalikopi kwenye flopi, unalifungua kwenye mashine ya jirani, viungo vinafanya kazi. Mwalimu alitengeneza alamisho za kurasa zote za darasa kwenye mashine moja, akazisambaza kwenye nyingine tisa kwa mapumziko ya chai. Internet Explorer inatengeneza faili dogo kwa kila alamisho ndani ya folda. Kukopi inawezekana, ila siku moja utasahau moja.

Lakini kwenye kuhifadhi kurasa zenyewe, Internet Explorer 5 inawapita wenzake mbali sana. Ukichagua Save As, inakupa njia ya kuhifadhi ukurasa pamoja na picha zake, au vyote ndani ya faili moja la mht. Netscape 3 inahifadhi maandishi ya ukurasa tu, picha uzifuate moja moja kwa kubofya kulia. Kwa hiyo kama una mtu mwenye intaneti mjini Iringa anayekuletea masomo kwenye sidii, na unataka maktaba ya ndani, bila Internet Explorer utachoka. Ajue tu kwamba kurasa za leo, hata zikihifadhiwa, mara nyingi zitaonekana zimevurugika ndani ya vivinjari hivi, kwa sababu zimeandikwa kwa mitindo ambayo haikuwepo wakati ule. Zilizoandikwa kwa urahisi, maneno na picha, zinakubali.

Kingine cha Internet Explorer kilichonifanya nisiitupe: View, kisha Source, inafungua Notepad yenye maandishi ya ukurasa. Mtoto anabadili neno, anahifadhi, anarudi, anagonga Refresh, analiona neno lake. Netscape 3 inaonyesha chanzo kwenye dirisha lake lenyewe la kusoma tu. Kwa wiki ya tatu ya muhula, watoto wanapoanza kuandika kurasa zao za viazi vya Njombe na chai ya Mufindi, hiyo ni tofauti kubwa. Na hapo ndipo Refresh, au Reload kwa Netscape, inapata maana. Mtoto atabadili faili, ataangalia kivinjari, ataona yaleyale, atasema kompyuta imegoma. Mwache asubiri kidogo kabla hujamwonyesha kitufe.

Kuna mtego mdogo pia kwenye kitufe cha Open cha Netscape. Watoto wanakigonga wakidhani watafungua faili, kinawauliza anwani. Faili linafunguliwa kwenye menyu, File, Open File.

Uzito na leseni

Opera ndiyo nyepesi, ilikuwa inaingia kwenye flopi moja. Ila enzi za toleo la 3 ilikuwa ya kulipia. Unapewa muda wa kuijaribu, kisha unatakiwa usajili. Toleo la bure lenye matangazo lilikuja mwaka 2000, na matangazo yakaondolewa 2005. Mwalimu aliposikia hivyo alikataa kuijenga darasani, na nilimuunga mkono. Netscape tangu zamani ilikuwa bure kwa shule. Internet Explorer 5 imo ndani ya Windows 98 ya toleo la pili. Ile ya kwanza ina 4.01.

Kuhusu Netscape 4: nilijaribu, nikaitoa siku hiyohiyo. Ni nzito, na mistari yake ya vitufe ina vishikio pembeni. Ukigusa kimoja, mstari mzima unakunjwa na kuacha kialama. Watoto wana vidole.

Na usiunganishe hata kimoja na intaneti ya leo. Netscape iliachwa rasmi Machi 2008, Internet Explorer ilistaafishwa Juni 2022. Havijui namna za sasa za kufunga mawasiliano, kwa hiyo tovuti nyingi zitakataa, na zitakazokubali ndizo za kuogopwa. Mashine ikija kupata intaneti, iwe mashine nyingine yenye kivinjari cha leo.

Basi uchukue kipi?

Una darasa, siku za mwanzo, unataka watoto wajue sehemu za dirisha: Netscape 3, mistari ya ziada ikiwa imeondolewa, vitufe vya maneno. Siwezi kusitasita hapo.

Unataka watoto waandike kurasa, au unakusanya masomo ya sidii: Internet Explorer 5. Vivinjari hivi viwili vinakaa mashine moja bila ugomvi, mradi kimoja kisilazimishwe kuwa cha kawaida kila kinapofunguliwa. Vitauliza, jibu hapana na uondoe tiki ya kuuliza tena.

Uko peke yako nyumbani, mashine dhaifu, una leseni yako ya zamani ya Opera na unapenda kibodi: Z kurudi, X kwenda mbele, 1 na 2 kuhama vidirisha. Utaipenda. Kwa wageni 40 wa siku ya kwanza, hapana.

Mafinga tuliweka Netscape na Internet Explorer kwenye mashine kumi, alama ya Netscape peke yake kwenye uso wa mezani, ya Internet Explorer ikiwa imefichwa hadi wiki ya tatu. Ya kumi na moja ilikuwa na RAM megabaiti 8 na mausi yake haikutembea, Windows 98 isingeingia. Niliiwekea Lynx, kivinjari cha maandishi matupu kilichoanzia chuo kikuu cha Kansas mwaka 1992, kinachokubali hata kwenye DOS, mfumo uliotangulia Windows. Hakina kitufe hata kimoja. Mishale ya kibodi ndiyo yote, chini kushuka, kulia kuingia kwenye kiungo, kushoto kurudi, na mistari miwili ya chini inakukumbusha. Picha ya Kalenga inatokea kama jina tu ndani ya mabano. Wiki iliyopita mwalimu alinipigia kuuliza kama naweza kuleta nyingine kama hiyo, maana wanaigombania mpaka imebidi aweke zamu kwa namba za daftari la mahudhurio.